Sufuria Isiyo na Samaki: Kula Bila Nyama kutoka Ankoro hadi Pwani

Sombe ya karanga, uyoga wa kichuguu, bitumbula vya asubuhi, mbaazi za nazi: asiyekula nyama ana karamu kubwa katika nchi zetu, mradi ajue kuuliza mapema.

Ankoro, katika jimbo la Tanganyika huko Kongo, ni mji wa samaki. Hapo ndipo mto Luvua, unaotoka Ziwa Mweru, unapoungana na Lualaba, na kwa watu wa mto mlo usio na samaki ni mlo ambao mpishi hajaumaliza. Mgeni akifika akasema hali nyama, ataonewa huruma kidogo, kisha ataletewa kambale. Akisema hata samaki hali, mwenyeji atamtazama tena na kumuuliza kama ni mgonjwa.

Mimi sili nyama wala samaki, na nimeshazoea kuambiwa kwamba ulaji huu ni wa Wazungu, kwamba Mwafrika kamili hawezi kushiba majani. Naandika makala hii kwa sababu jambo hilo si kweli. Kuanzia Ankoro, ukipita Kabalo na Kalemie, ukavuka ziwa hadi Kigoma na kuendelea mpaka Bahari ya Hindi, kila kituo kina chakula kitamu kisichohitaji mnyama. Vyakula hivyo vimetengenezwa na kuboreshwa na wanawake kizazi baada ya kizazi, wala havikuletwa na duka la vyakula vya afya. Kinachokosekana ni kuviheshimu, na kujua namna ya kuviomba.

Uliza kabla ndagala haijaingia

Wengi hukosea saa. Wanauliza sahani ikiwa imeshafika mezani, wakati hakuna tena kinachoweza kubadilishwa. Katika malewa, yaani migahawa midogo, ya Kongo ya mashariki, sufuria ya sombe, yaani majani ya muhogo, huinjikwa alfajiri. Kufika saa nne ya asubuhi kila kitu kimeshatiwa ndani. Ukiuliza wakati huo, mazungumzo huenda hivi:

"Mama, mu sombe muko samaki?"

"Hapana, hamuna samaki. Ni ndagala kidogo tu."

Mama huyo hadanganyi. Kwake yeye samaki ni kipande kinachoonekana, kinachohesabiwa na kulipiwa. Ndagala, yaani dagaa wa Ziwa Tanganyika, anahesabiwa pamoja na chumvi na kitunguu. Dagaa hao huanikwa juani kandokando ya ziwa, huwa wepesi kubeba, hawaozi upesi, na mnunuzi mwenye pesa kidogo anaweza kupimiwa kikombe kimoja tu. Reli ya kutoka Kalemie hadi Kabalo ilikamilika mwaka 1915, na njia hiyo, pamoja na mito na barabara mbovu za jimbo la Tanganyika, ndiyo inayounganisha ziwa na bara. Ndiyo maana hata mji wenye samaki wake wa mtoni unaweza kuwa na ladha ya ndagala katika mboga.

Kwa hiyo yafaa kuuliza mambo manne, tena kwa majina yake. La kwanza ni ndagala. La pili ni kile kipande cha mchuzi ambacho wengi hukiita Maggi hata kikiwa cha kampuni nyingine, kwa kuwa baadhi yake hutengenezwa kwa kuku au mafuta ya mnyama. La tatu ni mafuta ya kukaangia, maana karai lililokaanga samaki asubuhi linaweza kukaanga ndizi mchana. La nne ni mfupa katika maharagi. Ombi linalofaa zaidi ni fupi, na halimgharimu mpishi chochote: "Mama, unitoleeko yangu mbele ya kutia ndagala." Mlo wako unatengwa kwenye bakuli, ndagala inaingia kwa wengine, na hakuna aliyekosa.

Kuna pia lugha ya dini, ambayo husaidia kuliko maelezo marefu. Ukisema ni Ijumaa ya Kwaresima, mpishi Mkatoliki ataondoa nyama lakini ataleta samaki, kwa sababu Kanisa lake linamruhusu. Ukisema kwamba unakula kama Msabato, ataelewa jambo jingine. Kanisa la Waadventista Wasabato linawakataza waumini samaki wasio na magamba, na kambale anaingia humo. Aidha linawahimiza, bila kuwalazimisha, waishi kwa nafaka, kunde, mboga na matunda. Katika mji wa mto, hao huwazoesha wapishi swali la kilichomo sufuriani.

Ziwa lenyewe limeanza kulileta swali hilo. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Maji hayo yanamilikiwa na nchi nne, Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, na dagaa wanaopungua upande mmoja hawaongezeki upande mwingine. Katika miezi ambayo nyavu zimekaa nchi kavu, mpishi anayejua kuikoleza mboga bila ndagala ana biashara. Asiyejua anabaki kulalamikia bei.

Sombe na kinu

Kama ni lazima kuchagua chakula kimoja cha kumtetea asiyekula nyama katika Kongo, nitachagua sombe. Kaa karibu na kinu uone inavyoanza. Yanachumwa majani machanga ya muhogo, ya nchani, kabla hayajakomaa. Yanatolewa vikonyo, yanaoshwa, na wapishi wengi huyapitisha kwenye maji ya moto au juu ya ndimi za moto mpaka yanyauke. Kisha yanaingia kinuni na kitunguu, pilipili mboga na chumvi kidogo. Mwanzoni majani yanaruka na kushikamana na ukuta wa kinu. Mpishi anayarudisha katikati kwa mkono, kati ya pigo na pigo, bila kuuacha mchi upoteze mwendo wake. Taratibu mlio unabadilika. Ule mkavu wa kugonga mti unakuwa mzito, wa kitu chenye maji, na harufu ya ubichi inapanda. Hapo sombe iko tayari kwenda motoni.

Kazi hiyo ina maana kubwa kuliko kulainisha. Muhogo hujikinga na wanyama na wadudu kwa kemikali iitwayo linamarini. Seli za jani zikivunjwa, linamarini hukutana na kimeng'enya chake na kutoa sianidi, ambayo ni sumu. Kutwanga ndiko kunakovikutanisha viwili hivyo kabla havijafika tumboni. Sianidi huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi, chini kabisa ya joto la maji yanayotokota, kwa hiyo sufuria iliyoachwa wazi na kuchemshwa muda mrefu huitoa sumu ikapaa na kupotea. Muhogo ulifika Afrika ya kati kutoka Amerika Kusini kupitia Wareno katika karne ya 16. Wapishi waliupokea mmea mgeni wenye sumu, wakagundua kwamba hata majani yake yanalika, wakapata utaratibu ambao maabara zilikuja kuueleza baadaye sana. Kila anayekula sombe bila kuugua anaishi kwa elimu yao.

Baada ya hapo ndipo mpishi anapoonyesha uwezo wake. Mafuta ya mawese mekundu yanaingia, pamoja na bilinganya iliyokatwa, vitunguu vya majani, na mwishoni karanga zilizotwangwa zikawa unga mzito. Karanga ndizo zinazoziba pengo la ndagala. Zinaleta mafuta, uzito na utamu wa kukaa mdomoni, na mlaji hasikii kwamba kuna kitu kilichopungua. Katika miji mikubwa sombe husagwa kwa mashine sokoni, ikapungua jasho na kupungua pia ukwaruzo wake wa kupendeza kwenye ulimi. Anayeitaka ya kinu inampasa kuiagiza.

Sahani hiyo ina ndugu wengi. Wanyarwanda na Warundi wanapika isombe, Kinshasa wanaiita pondu, Kasai ni matamba. Katika mtaa wa Matonge, Brussels, Wakongo hununua majani ya muhogo yaliyogandishwa kwenye pakiti, wakayapika Jumapili kwa ajili ya watoto waliozaliwa kwenye baridi. Katika safari yote hiyo, sombe ya karanga na mawese haijahitaji nyama kuitwa chakula.

Maharagi, majani na uyoga

Baada ya sombe, meza bado ni pana. Lengalenga, ambayo Watanzania wanaiita mchicha, huiva haraka na inapendeza ikikaangwa na nyanya na kitunguu. Matembele ni majani ya viazi vitamu, laini, yenye utelezi kidogo. Mboga ya ngai-ngai ina uchachu wake yenyewe, kwa hiyo haiombi ndimu, na ikipata mawese uchachu huo unatulia. Maharagi yaliyochemshwa mpaka yakapasuka, yakaungwa kwa mawese na kitunguu kilichoiva vizuri, yanamkalisha mtu mpaka jioni. Wenyeji wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, wanaijua ladha hiyohiyo, maana mawese ni mafuta yao pia. Vyote hivi huliwa na bukari, yaani ugali, ya mahindi, ya muhogo, au ya unga wa vyote viwili.

Mvua zikianza, linakuja jambo ambalo hakuna bucha linaloweza kushindana nalo: uyoga. Misitu ya miombo, inayoenea kusini mwa Kongo, Zambia na Tanzania, ina aina nyingi za uyoga unaoliwa, na akina mama huuza mabeseni yake kandokando ya barabara za Katanga. Wa ajabu kuliko wote ni ule wa vichuguu. Mchwa humeza mabaki ya miti, wakayaweka kwenye vyumba vya chini ya ardhi, wakaotesha kuvu juu yake kwa ajili ya chakula chao. Msimu ukifika, kuvu huyo huchomoza nje kama uyoga. Mmoja wao, uliopewa jina la kisayansi Termitomyces titanicus mwaka 1980, unaweza kuwa na kofia inayokaribia mita moja kwa upana. Uyoga mmoja wa namna hiyo ni mlo wa familia. Unachanwa kwa mikono, unapikwa na nyanya na kitunguu, au unaongezewa karanga. Ukiutafuna una ukinzani ambao wanaokula nyama huutafuta kwenye nyama.

Hapa pana masharti mawili. Uyoga ununuliwe kwa mtu anayejulikana kwa kazi hiyo, kwa sababu kuna unaoua na unaofanana na unaolika. Tena uulizwe umepikwa na nini, maana msimu huohuo wa mvua ndio wa kumbikumbi na viwavi, na wapishi hupenda kuvichanganya na majani. Vina thamani kubwa kwa wanaovila, lakini havimo katika mlo wa asiyekula wanyama.

Vitu vya kutafuna barabarani

Asubuhi Kalemie, Lubumbashi au Bukavu, utamu wa kwanza wa siku unatoka kwenye karai. Bitumbula ni maandazi madogo ya mviringo, na yale ya barabarani mara nyingi hayana yai wala maziwa: unga wa ngano, sukari, hamira, chumvi kidogo na maji. Mama anaukoroga unga jioni ukawa mlaini, karibu wa kumwagika, akaufunika uumuke usiku. Asubuhi anachota kwa mkono wa kushoto, anafumba ngumi, na donge linachomoza kati ya kidole gumba na cha shahada. Analikata kwa kijiko na kulidondosha ndani ya mafuta. Linazama, linaibuka, linajigeuza lenyewe upande mmoja ukishaiva. Yakitolewa yana ngozi ya kahawia na ndani matundu ya hewa. Huliwa yakiwa moto na chai, au na uji, na mwenye njaa zaidi huyala na maharagi. Kwa asiyekula nyama, maziwa wala mayai, hicho ni chakula cha uhakika, mradi aulize kwanza.

Mchana kuna muhogo wa kuchemsha unaoliwa na karanga za kukaanga, mchanganyiko usiochosha. Kuna mahindi ya kuchoma, ndizi za kukaanga, avoka iliyokamuliwa ndimu, miwa iliyomenywa. Katika nchi ya miombo kuna masuku, tunda la kahawia lenye nyama laini ya manjano na mbegu za kumumunya, linalookotwa porini na kuuzwa kwa mafungu. Kwa kiu, Katanga ina munkoyo: uji wa mahindi unaowekewa mizizi ya mmea wa porini. Vimeng'enya vya mizizi hiyo huubadilisha wanga kuwa sukari, uji ukawa mwepesi wa kunywewa, na ukilala siku moja unapata uchachu unaoburudisha.

Kitafunwa kinachowashangaza wageni zaidi ni kikanda, ambacho Wazambia wanakiita chikanda. Ukikiona kimekatwa vipande, chekundu kahawia, kimeshikamana, utaapa kwamba ni soseji ya ng'ombe. Hakina nyama hata chembe. Kimetokana na viazi vidogo vya maua ya okidi ya porini, vikakaushwa, vikatwangwa, vikachanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, vikapikwa mpaka vikagandamana. Ni kitamu, na ndiyo sababu kiko hatarini. Okidi haipandwi shambani kirahisi. Kiazi kikichimbwa, mmea umekufa. Wachimbaji walipoyamaliza maua ya karibu, biashara ilivuka mipaka hadi nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, na kulinda maua hayo kulikuwa miongoni mwa sababu za kuanzishwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mwaka 2005. Nakipenda kikanda, na kwa sababu hiyo nashauri kiliwe kwa nadra, katika sherehe, na kisigeuzwe kitafunwa cha kila siku. Kuacha nyama hakutupi ruhusa ya kumaliza maua.

Pwani wanakoamka na mbaazi

Msafiri akifika pwani, kazi yake ya kuuliza inapungua. Mombasa, Lamu na Tanga, asubuhi yenye heshima ni mahamri na mbaazi za nazi. Mbaazi zinalowekwa, zinachemshwa mpaka zikalainika, kisha zinaungwa kwa tui, kitunguu, pilipili na manjano kidogo. Hamri linapasuliwa, likachovywa. Badia za kunde hukaangwa kando ya barabara, viazi vya karai huvikwa unga wenye rangi ya manjano, na mihogo ya kuchoma hupakwa ndimu na pilipili. Zanzibar ina urojo, ule mchuzi mzito wa unga, manjano na embe bichi unaowekewa viazi, bajia, kachori, chatini ya nazi na chipsi za muhogo. Ukisema "bila mishkaki, bila yai" muuzaji hashangai hata kidogo, anaongeza bajia. Kwa utamu kuna kashata za nazi na karanga, kaimati, mabuyu yaliyotiwa rangi na sukari, na halua, ambayo asiyekula maziwa aiulizie samli.

Sehemu ya wingi huo inatokana na majirani. Wahindu na Wajaini kutoka Gujarat, walioishi katika miji ya pwani kwa vizazi, walileta jiko lisilo na nyama likiwa kamili. Kisutu katika Dar es Salaam na Parklands katika Nairobi kuna mikahawa ambayo jikoni kwake nyama haiingii kabisa, na Wajaini washika dini huenda mbali zaidi wakaacha hata vitunguu na viazi, kwa kuwa kung'oa mzizi ni kuua mmea na viumbe vya udongoni. Kaskazini, Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga zaidi ya siku 180 kwa mwaka bila nyama, maziwa wala mayai, zikiwemo Jumatano na Ijumaa. Matokeo yake yanaonekana mezani: siku hizo karibu kila mkahawa una sinia la injera lenye shiro, dengu na mboga za namna mbalimbali. Mpishi anajua siku ya wateja, kwa hiyo anawaandalia.

Aibu isiyo na msingi

Kwetu sisi, kikwazo kikubwa kimekaa kichwani. Mgeni akipikiwa majani matupu, mwenye nyumba anaona haya. Arusi isiyo na mbuzi inasemwa mtaa mzima. Sombe bila samaki inachukuliwa kuwa ushahidi kwamba mwezi umekuwa mgumu. Ninaelewa aibu hiyo ilikotoka, kwa kuwa nyama ilikuwa adimu na ikawa alama ya kumkirimu mtu. Hata hivyo aibu hiyo inawafundisha watoto wetu kudharau kilicho bora nyumbani.

Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Kenya anatufundisha namna ya kuiondoa. Akiwa mtoto alikuwa na mzio wa protini za wanyama, nyama, samaki, mayai na maziwa, hivyo akakua kwa mboga za kienyeji. Mboga hizo, mnavu, mgagani, kunde, mchicha na mrenda, wakulima walizihesabu kuwa magugu na maafisa wa kilimo hawakuzijali. Yeye akazifanya kazi ya maisha yake katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, akachunguza lishe yake, mbegu zake na namna ya kuzilima. Leo mnavu na mgagani vinauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi na kuagizwa mahotelini. Mboga ni zilezile. Kilichobadilika ni jicho la mnunuzi.

Mfano mwingine una uchungu. Wakulima wa kusini mwa Tanzania walipanda mbaazi kwa wingi kwa ajili ya soko la India, nchi yenye mamilioni ya watu wanaoishi kwa kunde. Mwaka 2017 India iliwekea ukomo mbaazi zinazoingia kutoka nje, na bei ikaanguka vibaya. Zao lililomlisha asiyekula nyama wa Gujarat halikuwa na walaji wa kutosha nyumbani. Tungekuwa tunazila mbaazi kwa fahari bara kama wanavyozila pwani, mkulima wa Lindi au Mtwara angekuwa na pa kukimbilia.

Busara ya mlaji

Kula bila nyama kunataka akili, na katika nchi ya muhogo kunataka akili zaidi. Muhogo mchungu ambao haukuvundikwa vya kutosha, ukiliwa siku baada ya siku na mtu asiyepata protini, huweza kuleta konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla. Daktari Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938 baada ya kuukuta katika Kongo ya Wabelgiji. Kwa hiyo bukari ya muhogo isiliwe na majani peke yake. Iwe na maharagi, kunde, njugu mawe, karanga au ufuta, na unga utokane na muhogo uliokaa majini siku zake zote. Nafaka na jamii ya kunde zikiliwa pamoja hukamilishana, na ndimu au nyanya husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye majani. Vitamini B12 haipatikani katika mimea ya kawaida. Anayekula mayai na maziwa ataipata humo, na asiyekula hivyo anahitaji vidonge au vyakula vilivyoongezewa.

Niseme pia wazi: chaguo na ukosefu ni vitu viwili tofauti. Jimbo la Tanganyika limepitia vita vilivyowafukuza watu mashambani, na kuna nyumba ambazo ndagala kidogo ndiyo kinga pekee ya mtoto dhidi ya utapiamlo. Sina neno la kumwambia mama huyo isipokuwa ampe mwanawe. Maneno yangu ni kwa sisi tunaoweza kuchagua, na kwa wapishi wanaotulisha.

Kwao nina pendekezo moja. Malewa ya Kalemie na Ankoro yatenge siku moja katika juma, Ijumaa kwa mfano, ambayo sufuria moja ya sombe ya karanga na moja ya maharagi ya mawese hazitiwi ndagala, mfupa wala Maggi, na mteja aambiwe hivyo mlangoni. Wasabato watakuja, Wakatoliki wa Kwaresima watakuja, wenye mzio watakuja, na miezi ya uvuvi kufungwa watakuja wengi zaidi. Wapishi wa Ethiopia walilitengeneza sinia lao la mfungo kwa sababu walijua siku gani wateja wangefika. Wapishi wetu nao wakiijua siku, ufundi wanao tayari. Na sisi tusiokula nyama tuna sehemu yetu: tufike mapema, tulipe bei kamili bila kudai kupunguziwa kwa sababu hakuna samaki, na tuwaambie wenzetu kwa sauti mahali tulipokula vizuri. Aliyetwanga majani hayo alfajiri amefanya kazi inayostahili malipo na sifa sawa na ya mchoma nyama.